“Valvu Nimefunga, Mama Aika”

Vuta kigoda, wewe uliyerithi benchi langu, na kabla hujakaa zima hiyo grainda tusikilizane. Mwezi uliopita nimekabidhi funguo za gereji, na tangu siku hiyo kila anayepita nyumbani ananiuliza nitafanya nini na muda wangu. Nimeamua kuandika. Sitaandika nililipwa kiasi gani wala ni lini nilianza kuitwa fundi mkuu, maana mambo hayo hayajawahi kuwasha gari la mtu. Nitaandika nilivyoanza, vifaa nilivyoviamini, mzee aliyenifundisha, na kazi moja ya ekzosti, yaani bomba la moshi, ambayo nikiikumbuka naona aibu kwanza, halafu nacheka.

Nilifika mtaa wa Majengo hapa mjini nikiwa binti mwenye cheti cha umeme wa magari na viatu visivyofaa. Gereji ya Mzee Shabani ilikuwa uchochoro mpana uliobanwa kati ya duka la khanga na nyumba ya kupangisha, na ulioezekwa mabati nusu tu. Nilimwamkia, nikampa cheti. Alikisoma chote, mpaka mhuri, akakikunja vizuri na kunirudishia. Kisha akanipeleka kwenye lori lililokuwa limelala pale, akaniambia nifumbe macho, nishike waya wa taa ya mbele kushoto, niufuate kwa vidole mpaka kwenye betri.

Ilinichukua asubuhi nzima. Nilipotea mara mbili na kuchubuka vifundo vya vidole, na wapita njia wakauliza kama msichana yule haoni. Mzee Shabani akawajibu kwamba naona, ila bado sijui kushika. Nilikasirika. Baadaye nilipolala chini ya magari kwa miaka mingi, nikiwa nimepitisha mkono mmoja juu ya gia boksi na shavu langu liko kwenye vumbi, nilielewa. Sehemu kubwa ya nyaya za gari iko mahali ambapo mkono unafika na macho hayafiki.

Kifaa cha kwanza alichonipa kilikuwa taa ya kujaribia: balbu ndogo, nyaya mbili na msumari ulionolewa. Leo mna mita za namba, nami ninayo, siidharau. Lakini mita inaweza kukuonyesha volti kumi na mbili kwenye waya uliokatika ukabaki na uzi mmoja. Ukiuwekea mzigo, umeme haupo. Balbu haitakuficha hilo, kwa sababu yenyewe inakula umeme. Kwa hiyo pima kwa mita, kisha thibitisha kwa balbu. Kama huna balbu, tengeneza leo, haichukui dakika kumi.

Kazi ngumu ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa Kahe, kwa mkulima wa nyanya. Pikapu yake ilikuwa inazima taa za nyuma, na askari wa barabarani walishamzoea kama ndugu. Nilikaa naye siku nzima, nikawasha na kuzima, taa zikawaka kila mara. Nilianza kumshuku mkulima mwenyewe. Jioni akapakia makreti yake, na taa zikazima mbele ya macho yangu. Fundi aliyepita alikuwa amekata waya mfupi mno kati ya bodi na chasisi. Gari tupu lilikuwa sawa, ila mzigo ukiliinamisha, waya unavutika na kuachia. Niliunganisha kipande cha urefu wa kiganja, nikala wali kwa mkulima, nikarudi.

Kanuni moja ya Mzee Shabani niliichukua na sijaiacha. Alikuwa anasema kitu kikifa, kife upande wa amani. Maana yake, unapopanga nyaya usijiulize tu kitafanyaje kazi, jiulize pia fyuzi ikikatika kitabaki katika hali gani. Feni ya rejeta, kwa mfano, aliipanga ili waya wa kuiamuru ukikatika, feni izunguke yenyewe bila kusimama. Dereva atalalamika kelele, lakini injini haitachemka. Alipochoka macho aliniachia benchi na kurudi kwao, akaniambia jambo moja tu, nisiwadharau wateja wanaopenda vitu vya ajabu, kwa sababu ndio watakaonifundisha kazi mpya.

Na kweli wakaja. Mwanzoni walitaka redio zenye spika kubwa kuliko viti. Wakaja wa taa za buluu chini ya gari. Kisha yakaanza kuonekana magari ya michezo, ya chini, ya milango miwili, ambayo kwenye barabara zetu za kupanda Machame yalikuwa yanakwangua matumbo kama mijusi. Wenye magari hayo walitaka mlio. Kwa kazi ya mabomba nilishirikiana na Bakari, mchomeleaji wa mtaa wa pili, mtu wa utani mwingi na mkono mtulivu. Yeye alishughulikia chuma, mimi nyaya. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi bila kugombana, jambo ambalo ndoa nyingi hapa mjini haziwezi kulidai.

Ndipo akaja Godlisten. Alikuwa mwenyeji wa Machame anayefanya kazi Dar, na kama watu wetu wengi, kila Desemba alirudi nyumbani. Alinisalimia kwa heshima, akakaa kwenye tairi, akanieleza shida yake bila kujipamba.

Desemba iliyotangulia alikuwa amepanda na gari lake lenye ekzosti ya wazi, mlio unatangulia kona mbili mbele. Hakujua kwamba nyumbani kwa jirani kulikuwa na msiba na mchungaji alikuwa katikati ya sala. Gari lilipita, sala ikasimama, watoto wakakimbilia barabarani kuangalia. Baba yake, Mzee Anaeli, ni mzee wa kanisa. Siku ya pili yake alichuma jani la isale mpakani mwa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, akaenda nalo mkononi mpaka kwa wafiwa. Huku kwetu isale linaomba msamaha hata kabla mtu hajafungua mdomo, na si rahisi kulikataa. Hawakulikataa. Lakini mzee wa umri ule alikuwa amelibeba kwa ajili ya kelele ambazo hakuzipiga yeye. Alipotoka huko alimwambia mwanawe kwamba gari lile litaishia barabarani, halitaingia uani kwake, na kwamba yeye na mkewe hawatalipanda.

“Jumapili hii wanatimiza miaka hamsini ya ndoa,” Godlisten aliniambia. “Kuna ibada. Nataka niwapeleke mimi, mama. Wasipopanda mwaka huu, hawatapanda tena.”

Nilimuuliza kwa nini asifunge sailensa ya kawaida, mambo yaishe. Akatazama chini, akasema sauti ile ameitafuta miaka sita. Sikumcheka. Nimelelewa na watu waliofuga ng'ombe wa maziwa, najua mtu anaweza kupenda kitu kinachokula sana na kupiga kelele.

Alikuwa amekuja na boksi kutoka nje ya nchi. Ndani mlikuwa na ekzosti yenye valvu ya kufungua na kufunga kwa swichi. Nitakueleza inavyofanya kazi, kwa sababu utakutana nayo. Moshi wa injini una njia mbili za kutoka. Njia ndefu inapita ndani ya sailensa, inazunguka na kupoteza kelele. Njia fupi inatoka moja kwa moja. Kwenye njia fupi, karibu na mdomo wa bomba, kuna sahani ya duara iliyoshikwa katikati na kijiti. Sahani ikikingama, njia fupi imezibwa, moshi unalazimika kuzunguka, na gari linakwenda kwa adabu. Sahani ikinyooka na bomba, moshi unapita, na mtaa mzima unajua. Anayeigeuza sahani ni mota ndogo yenye mkono mfupi, uliobanwa kwenye kijiti kwa bolti.

Nyaya nilizitengeneza kwa siku mbili, kwa utaratibu. Umeme niliuchukua mahali ambapo upo tu ufunguo ukiwa umewashwa, ili mota isinywe betri gari likiwa limelala. Nikaweka fyuzi karibu kabisa na chanzo. Swichi ya kwenye dashibodi sikuibebesha mzigo wa mota. Swichi inatoa amri, rilei ndiyo inayobeba. Waya wa kwenda nyuma niliupitisha chini ya zulia, nikautoa nje kwenye tundu lenye mpira lililokuwepo tangu kiwandani, maana waya unaopita kwenye bati tupu ni shoti inayosubiri siku yake. Kabla ya kuingia kwenye mpira nikauachia ulegee chini kidogo, ili maji ya mvua yadondoke pale yasiufuate waya ndani. Nikauweka mbali na bomba kiasi cha kiganja kizima na kuuvisha ala ya kuzuia joto. Ethi, ule waya wa kurudishia umeme, nikaifunga kwenye bodi baada ya kukwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, kisha nikapaka grisi.

Na kanuni ya Mzee Shabani sikuisahau. Ile mota ina springi. Nilipanga kwamba umeme ukikosekana kwa sababu yoyote, springi irudishe mkono kwenye kimya. Fyuzi ikikatika, gari linanyamaza. Nilijiona nimemaliza.

Kilichobaki kilikuwa cha Bakari: kuchomelea bomba na kuubana mkono wa mota kwenye kijiti. Hapo pana sharti moja. Mkono unapobanwa, mota ikiwa imetulia, sahani lazima iwe imekingama. Ukiubana sahani ikiwa imenyooka, mota itaamini wazi ndiyo kimya.

Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, niliitwa Kahe kwenye trekta lililokwama shambani. Nikaona Bakari anatosha. Saa sita hivi nilisimama juu ya tuta la mfereji, ndipo mtandao ulipokuwa unapatikana, nikampigia.

“Bakari, valvu umefunga?”

“Valvu nimefunga, Mama Aika. Nimefunga kabisa.”

“Basi bana mkono wa mota, chomeka soketi, mpe mwenyewe gari lake.”

Soma tena maneno hayo, uone kama utalikuta kosa. Mimi sikuliona mpaka jioni.

Godlisten alichukua gari saa tisa. Uani kwa Bakari kulikuwa na jenereta na watu wawili wanakata vyuma, na injini ikiwa inatetemeka tu bila mzigo, mlio wa valvu wazi na wa valvu iliyozibwa haitofautiani sana. Isitoshe, masikio yake yalikuwa yamezoea ekzosti ya zamani, hivyo kila kitu kilikuwa kimya kwake. Akapita mjini taratibu. Alipofika barabara kubwa akabonyeza swichi ya mlio, mara moja tu, kwa kuiaga raha yake kabla ya kupanda kwa wazazi. Nani asingebonyeza? Alipoanza mlima wa Machame akairudisha kwenye kimya, akashusha gia, na gari likanguruma kama lile la Desemba iliyopita. Akabonyeza tena na tena. Halikusikia.

Alilizima chini kidogo ya kwao, karibu na kituo cha kukusanyia maziwa, akanipigia. Hakunilaumu. Aliniambia tu mahali alipo, na sauti ilikuwa ya mtu anayejikaza. Nilikuwa nimesharudi mjini. Nikamchukua Bakari, au tuseme yeye alinichukua kwa pikipiki yake, mimi nyuma na boksi la vifaa mapajani, na njia nzima hakufanya utani hata mmoja.

Tulipofika, kina mama walikuwa wanaleta maziwa ya jioni. Mmoja aliuliza kama gari lina kifaduro. Mwingine akamwambia Godlisten kwamba wao walimsikia tangu darajani, na kama jina lake ni la kweli basi na Mungu alisikia. Na juu ya yote, Mzee Anaeli alikuwa ameshashuka kwa miguu na fimbo yake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa njia, na mwanawe amesimama pembeni.

Tukamwamkia, akaitikia. Akaniuliza kama ni mimi niliyemwambia mwanawe kwamba gari litanyamaza. Nikajibu kuwa ni mimi.

Bomba lilikuwa la moto, huwezi kuligusa, na hapo nakusihi usiwe na haraka. Tukasubiri. Wakati wa kusubiri nilikagua fyuzi, nikaikuta imekatika. Fyuzi imekatika, kwa mpango wangu gari lilipaswa kuwa kimya kama paka. Nikapiga magoti nyuma, nikamulika tochi ndani ya bomba. Sahani ilikuwa imenyooka kabisa.

“Bakari,” nikasema, “uliniambia umefunga.”

“Nimefunga. Hii hapa. Itikise uone kama inacheza.”

“Nilikuuliza kama umeifunga moshi usipite.”

Bakari akachungulia ndani ya bomba. “Mama Aika, seremala akishabana mlango kwenye fremu anasema nimefunga mlango, hata kama uko wazi na kuku wanaingia.”

Alikuwa amesema kweli. Mchana ule mimi niliuliza kama njia imezibwa, yeye akasikia kama kifaa kimewekwa mahali pake, na neno lilikuwa moja. Akabana mkono sahani ikiwa wazi. Mota ilipoambiwa ifungue, sahani ilikuwa tayari imegota kwenye kizuizi cha mwisho wake, ikasukuma kitu kisichosogea mpaka fyuzi ikakatika, na springi yangu ya amani ikairudisha pale pale kwenye kelele.

Kosa ni langu. Nilimwambia Mzee Anaeli hivyo hivyo, kwamba mwanawe alifanya kila alichoweza ili asisumbue mtu, akalipa, akasubiri, akatuamini, na kwamba mimi niliuliza vibaya kisha sikuja kuangalia kwa macho yangu. Bakari akataka kugawana lawama, nikamkatalia.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka.

“Hata geti langu,” akasema, “fundi aliniambia amefunga. Mbuzi wa watu wanapita mpaka leo.”

Kazi yenyewe haikuchukua robo saa. Bomba lilipopoa nililegeza bolti ya mkono, ya spana namba kumi. Bakari akaigeuza sahani kwa koleo mpaka ikakingama, nami nikaihakikisha kwa kidole. Tukabana upya, nikaweka fyuzi mpya. Sikukubali kulijaribu likiwa limesimama. Nilimwambia Godlisten ashuke mpaka kona ya chini, apande mlima kwa gia ya pili akikanyaga mafuta, mbele yetu wote. Alipita akiinua vumbi, na kilichosikika ni kokoto chini ya matairi. Kina mama wakampigia makofi, mengine ya dhihaka.

Aliposimama, mzee akainuka na kusogea dirishani.

“Na ile nyingine?” akauliza.

Godlisten hakuelewa.

“Ile unayoipenda. Bonyeza nisikie.”

Akabonyeza, akakanyaga kidogo. Ule mlio ukatoka, mzito na wa chini, ukagonga migomba na kurudi. Mzee Anaeli aliusikiliza akiwa ameegemea fimbo na kuinamisha kichwa, kwa uvumilivu wa mtu anayesikiliza kwaya ya vijana. Hakusema ni mzuri. Hakusema ni mbaya.

“Sasa funga,” akasema.

Mwanawe akasita, kidole kiko juu ya swichi. “Kufunga kupi, baba?”

Hapo tulicheka wote, hata yeye Bakari aliyekuwa amenywea tangu mjini. Mzee akafungua mlango mwenyewe, akaangalia kiti kilivyo chini karibu na ardhi, akauliza kama mtu anakaa au anapepeta maharage. Akaingia kwa shida, fimbo ikabaki nje mpaka nikampa. Kisha akageuka kutazama kile kiti chembamba cha nyuma, ambacho nadhani watengenezaji waliweka ili gari lisionekane la uchoyo.

“Kesho saa moja na nusu,” akamwambia mwanawe. “Mama yako atakaa mbele. Mimi nitajikunja huko nyuma.”

Godlisten akaitikia kwa kichwa, akatia gia. Wakaondoka, wakapanda kuelekea kihambani taratibu, na mimi na Bakari tukabaki tunakusanya spana.

Tangu siku hiyo, katika gereji yetu hakuna anayeruhusiwa kuuliza kama valvu imefungwa. Tunauliza sahani imekingama au imenyooka. Na wewe unayeshika benchi sasa, fanya hivi kila unapomaliza kazi ya aina hii: weka swichi kwenye kimya, zima injini, acha bomba lipoe. Piga magoti nyuma ya gari, mulika tochi ndani ya mdomo wa bomba, kisha isukume sahani kwa kidole chako mwenyewe. Ikiwa imekingama na haisogei, kabidhi ufunguo.